Kubadili Rangi ya Plastiki katika Vitufe na Fimbo za Michezo ya Video

Michezo ya video ilienea katika kumbi za starehe za Marekani na Japani katika miaka ya 1970. Kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa Pong mwaka 1972, na kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders mwaka 1978. Mchezaji alisimama mbele ya kabati kubwa, akatumbukiza sarafu, kisha akauendesha mchezo kwa vidhibiti vilivyopachikwa kwenye ubao. Kumbi nyingi za namna hiyo zimekwisha kufungwa, lakini wapenzi wa michezo hiyo hujitengenezea nyumbani vibao vya kuongozea vinavyofanana na vile vya zamani. Katika vifaa vya Kijapani, kitufe cha kawaida huwa na kipenyo cha milimita 30, na fimbo huwa na tufe la milimita 35 kichwani.

Mtu wa namna hiyo hupatwa na shida ndogo yenye kemia nyingi ndani yake. Anataka kitufe cha kurusha kiwe chekundu na cha kuruka kiwe cha buluu, naye anavyo vyeupe tu. Pengine vitufe hivyo ni vya mtindo uliokoma kutengenezwa, hata kimoja kikiharibika hakuna cha kukirudisha. Afanyeje ili rangi ikae, na kitufe kisipinde wala kupasuka?

Jibu la haraka ni kupaka rangi kwa brashi au kwa kopo la kupulizia. Rangi ya kupaka, hata hivyo, ni ngozi nyembamba iliyolala juu ya plastiki. Kitufe hubonyezwa mara maelfu, kwa kidole chenye jasho na mafuta, nacho husuguana na ukuta wa tundu lake. Ngozi hiyo huanza kumomonyoka, na unene wake waweza kukifanya kitufe kikwame. Rangi inayofaa ni ile inayoingia ndani ya plastiki yenyewe.

Wasukaji wa mikeka wa pwani yetu wanaijua kanuni hii. Ukili huchemshwa pamoja na rangi ya unga mpaka rangi izame katika nyuzi zake, na mkeka hukanyagwa miaka mingi bila kuwa mweupe. Lakini ukichemsha kitufe katika chungu hicho hicho, huenda kikatoka kama kilivyoingia. Ukili ni selulosi, kitu kinachopenda maji. Rangi iliyoyeyuka majini huingia pamoja na maji hayo. Plastiki nyingi huyakataa maji, na pamoja nayo huikataa rangi yake.

Kwa hiyo swali la kwanza si rangi gani, bali plastiki gani. Tazama kwanza upande wa ndani wa kitufe: watengenezaji wengi hupiga chapa ya herufi kama ABS, PA (yaani poliamidi, au nailoni), PC, PP au POM. Isipokuwapo chapa, darasa laweza kutumia densiti. Ondoa swichi, springi na kila kipande cha chuma, kisha tumbukiza plastiki katika maji safi ukiwa umeondoa viputo vya hewa kwa kidole. Ikielea, yaelekea ni polipropilini au politini, ambazo densiti yake ni chini ya gramu 1 kwa sentimita moja ya ujazo. Hizi uziache, kwa kuwa hazishiki rangi ya kuchemsha, na hata rangi ya kupaka hubanduka juu yake kwa urahisi. Heri kununua kipande kilichotiwa rangi kiwandani, ambako rangi huchanganywa na plastiki ikiwa imeyeyuka.

Ikizama, tengeneza maji ya chumvi kwa kuchanganya gramu 140 za chumvi ya mezani na gramu 860 za maji. Densiti ya mchanganyiko huo ni karibu gramu 1.10. Plastiki ya ABS, yenye densiti ya gramu 1.05 hivi, itaelea humo. Nailoni, yenye gramu 1.14 hivi, itazama. Kisha ongeza chumvi mpaka maji yashindwe kuyeyusha zaidi, na densiti itafikia gramu 1.20. Hapo nailoni nayo itaelea, bali asetali (POM), yenye gramu 1.41, itabaki chini. Akriliki na polikaboneti zinakaribiana mno na densiti ya maji hayo, na jaribio hili haliwezi kuziamua. Hali kadhalika polistireni haitofautiani na ABS. Mwalimu asiwaahidi wanafunzi kwamba chumvi itajibu kila swali.

Sasa tuje kwenye rangi. Nailoni ndiyo rahisi kuliko zote. Mwishoni mwa minyororo yake kuna vikundi vya amino, na maji yakitiwa siki vikundi hivyo hupokea ioni za hidrojeni na kuwa na chaji chanya. Rangi za asidi, zile zinazotumika kwa sufu na hariri, zina chaji hasi. Basi viwili hivyo huvutana na kushikamana. Zaidi ya hayo nailoni hunywa maji kidogo, na maji yaliyoingia hulegeza minyororo na kuifungulia rangi njia. Kwa sababu hiyo hiyo kipande cha nailoni huvimba kidogo. Usikirudishe katika tundu lake kabla hakijakauka kabisa.

ABS haina mahali pa kushikiza chaji namna hiyo. Jina lake limetokana na viungo vyake vitatu: akrilonitrili, butadieni na stireni. Kwa plastiki hii hutumika rangi za mtawanyo, zilizobuniwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya nguo za asetati, na ambazo leo ndizo za kutilia poliesta. Molekuli zake ni ndogo, hazina chaji, na haziyeyuki vizuri katika maji. Huelea humo kama vumbi laini sana. Zinapokutana na plastiki yenye joto huyaacha maji na kuyeyuka ndani ya plastiki, kama vile mafuta yanavyoyaacha maji na kuyafuata mafuta mengine. Mafundi wa miwani hufanya jambo hilo hilo wanapotia kivuli lenzi za plastiki kwa kuzichovya katika maji ya moto yenye rangi.

Joto ndilo mlinda mlango. Katika baridi minyororo ya polima imekaza, na molekuli ya rangi haipati upenyo. Joto likipanda, vipande vya minyororo huanza kuchezacheza na nafasi ndogo hufunguka. ABS hulegea kabisa kwenye digrii 105 za Sentigredi hivi. Huko rangi ingeingia mbio, lakini kitufe kingepoteza umbo. Hekima ni kukaa chini kidogo, baina ya digrii 85 na 90, na kuvumilia. Kipande kilichoundwa kwa kusindikwa katika kalibu hubakiwa na mikazo ya ndani, nayo huweza kukipinda hata kabla ya joto hilo. Kwa hiyo kipimajoto ni cha lazima. Kipande kining'inizwe kwa uzi wa shaba, kisiguse kitako cha sufuria, maana hapo joto huzidi lile la maji. Kwanza kioshwe kwa sabuni, kwa sababu alama ya kidole chenye mafuta hutokea baadaye kama doa. Anza na kipande kibovu cha plastiki ile ile, si na kile usichoweza kukipata tena. Baada ya dakika kumi kitoe, kitazame, kisha uamue kukirudisha au la. Mwishowe kiache kipoe polepole na ukisugue kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikichafuka, osha tena.

Kina cha rangi hakiongezeki sawasawa na muda, bali hufuata kipeuo cha pili cha muda: ukitaka kina maradufu, hesabu muda mara nne. Ndiyo maana kitufe hubadilika upesi katika dakika za mwanzo, kisha kikaonekana kama kimegoma.

Jambo moja huwakatisha tamaa wengi. Rangi iliyoongezwa haifuti ile iliyokuwapo. Kila rangi hufyonza sehemu yake ya mwanga, na rangi mbili pamoja hufyonza zaidi. Kitufe cheupe chaweza kuwa chochote. Cha manjano kikitiwa buluu kitakuwa kijani. Chekundu kikitiwa buluu kitakuwa cheusi-cheusi. Cheusi hakigeuki. Kitufe cheupe kilichosawijika na kuwa cha manjano kwa umri na mwanga nacho kitapotosha rangi ya buluu kuelekea kijani.

Kuhusu usalama, sufuria iliyotumika kwa rangi hizi isirudi jikoni kamwe. Kazi ifanyike mahali penye hewa, kwa glavu na miwani ya kinga. Wapo wanaoongeza asetoni ili rangi iingie upesi. Kwa maoni yangu hilo lisifanyike shuleni wala nyumbani: asetoni huchemka kwenye digrii 56, mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo, na yenyewe huyeyusha ABS, yaani ile ile plastiki tunayotaka kuiokoa.

Mazoezi

1. Chukulia kwamba rangi imeingia milimita 0.02 katika dakika 15. Itachukua muda gani kufikia milimita 0.06 kwa joto lile lile?

2. Kipande kina uzito wa gramu 4.56, nacho kinasukuma maji ya ujazo wa sentimita 4.0. Yaelekea ni plastiki gani, nawe ungechagua aina gani ya rangi?

3. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye digrii 94 hivi. Eleza kwa nini mwanafunzi wa Mbeya asiye na kipimajoto ana hatari ndogo ya kupinda kitufe cha ABS kuliko mwenzake wa Dar es Salaam.