Plastiki Kwenye Ukingo wa Paa: Nyuma ya Ubao Kuna Nini?

Katika nyumba nyingi, ubao unaozunguka ukingo wa paa, ule ambao mafundi huuita fisha bodi, ndio huoza kabla ya mbao nyingine zote. Jua la saa nane linaupiga, mvua ya masika inaulowesha, na gata likizibwa na majani, maji yote yanayofurika yanapitia mgongoni mwake. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu ili waishi. Mbao zikibaki na unyevu chini ya asilimia 20 huwa salama dhidi yao, lakini upenuni si rahisi ubao kubaki mkavu hivyo mwaka mzima.

Kuoza kwenyewe huanza mahali padogo, pale mbao mbili zinapokutana. Ncha iliyokatwa kwa msumeno hunywa maji haraka kuliko uso wa ubao, kwa sababu mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai imebaki wazi. Kwa nje rangi huonekana nzima kabisa. Fundi akisukuma ncha ya bisibisi kwenye kiungo, inazama bila kukwama na kutoka na unga wa kahawia.

Ndiyo maana wenye nyumba wanavutiwa na mbao za plastiki za PVC. Haziozi, mchwa hawazili, na hazidai kupakwa rangi upya kila baada ya misimu michache. Bei nayo imechangia. Nchini Kenya, marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma iliyowekwa Februari 2018 na kuondolewa Julai 2023 ilipandisha bei ya mbao, na wajenzi wakalazimika kutazama vitu vingine.

Yote hayo ni kweli. Lakini plastiki ina tabia zake, na fundi anayeifunga kama anavyofunga mbao za paina ataiharibu.

Tabia ya kwanza ni kutanuka. Ubao wa PVC wenye urefu wa mita 6, joto lake likipanda kwa nyuzi 25 kutoka alfajiri hadi alasiri, hurefuka kwa karibu milimita 9. Ubao wa mti wa urefu huohuo haurefuki hata milimita moja kwa sababu ya joto hilo. Milimita 9 hizo zisipopata pa kwenda, ubao unapinda katikati, kichwa cha msumari kinaukata, au kiungo kinafunguka usiku plastiki inaposinyaa. Fundi mwenye uzoefu huacha nafasi kwenye viungo na kuifunika kwa kiungio maalumu, na matundu ya skrubu huyatoboa mapana kidogo kuliko skrubu yenyewe. Karibu na bahari anatumia skrubu zisizoshika kutu, kwani chumvi humaliza misumari ya kawaida upesi hata ubao uwe mzima.

Rangi pia ina uzito hapa. PVC huanza kulainika karibu na nyuzi 80, na ubao mweusi au wa kahawia iliyokolea unaotazama magharibi hupata joto kali kuliko mweupe uliopo kando yake. Anayetaka rangi nzito anunue ubao uliotengenezwa kwa rangi hiyo na kukusudiwa jua kali. Asipake nyeusi juu ya ubao mweupe.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika siku ya kufunga. Uingereza, ambako nyumba nyingi zilibadilishiwa mbao za upenu kwa plastiki kuanzia miaka ya 1980, baadhi ya mafundi walipigilia ubao mwembamba wa plastiki juu ya ubao wa zamani bila kuung'oa. Nje pakang'aa. Ndani uozo ukaendelea hadi kwenye ncha za mbao za kenchi, safari hii bila mtu kuuona. Huku kwetu kuna mchwa wa kuongeza: hawali PVC, lakini wanaweza kupandisha njia zao za udongo nyuma yake na kuifikia kenchi wakiwa wamefichika. Ubao mbovu ung'olewe wote, kenchi zikaguliwe, na nafasi ya hewa iachwe.

Gata nalo lisiachwe kuning'inia kwenye plastiki nyembamba. Gata la nusu duara lenye upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 6, likiziba na kujaa, hubeba zaidi ya lita 20 za maji, yaani zaidi ya kilo 20. Skrubu za vishikio lazima zipite hadi kwenye mbao imara zilizo nyuma.

Mbao za miti hazijapitwa na wakati. Mbao zilizotiwa dawa, zikapakwa praima pande zote sita kabla ya kupandishwa juu, na ncha zilizokatwa zikapakwa dawa tena, hudumu miaka mingi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, mbao zenye nakshi kwenye kingo za paa na roshani ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Mwenye nyumba huko aonane na mamlaka ya uhifadhi kabla ya kugusa chochote, na hapo mti ndio jibu sahihi.

Yanabaki mabaki. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC halisi ni klorini, na vipande vyake vikichomwa hutoa gesi kali ya asidi pamoja na dioksini, sumu ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi zizipunguze. Visitiwe jikoni kuwashia mkaa wala kuchomwa shimoni na takataka. Mbao za zamani zilizotiwa dawa nazo zisichomwe, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Kabla ya kuanza kukata, fundi atandike turubai chini ya msumeno. Jioni unga wa plastiki ukusanywe mfukoni kabla upepo haujaupeleka mtaroni na baharini.