Vyombo vya daktari wa meno: kuchemsha hakutoshi

Wagonjwa wangu hapa Nakuru huniuliza mara nyingi: "Daktari, nikienda kung'oa jino, nitajuaje kwamba koleo ni safi?" Wengi wamezoea kuambiwa kwamba vyombo vimechemshwa. Jibu hilo halitoshi popote, na huku kwetu ndiko halitoshi kabisa.

Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Mombasa, kando ya bahari, huchemka kwa nyuzi 100. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 tu. Molo ni karibu 92. Aliyehamia huku kutoka pwani anajua jinsi maharagwe yanavyokawia kuiva! Hata ukiongeza moto, maji ya sufuria hayapiti hapo. Virusi vya UKIMWI ni dhaifu na hufa mapema. Lakini bakteria wa pepopunda hujifunika ganda gumu linaloweza kustahimili hata maji yanayochemka ya Mombasa.

Kwa sababu hiyo kliniki ya meno huhitaji mtambo wa mvuke, yaani otoklevu. Hufanya kazi kama sufuria ya presha: mvuke ukibanwa, joto hupanda hadi nyuzi 121, na vyombo huachwa humo dakika 15 hadi 30. Hapa pia mwinuko una neno lake. Kwa mtambo mdogo unaopimwa kwa presha pekee, pauni 15 zinazotosha Mombasa hutoa kama nyuzi 118 tu hapa Nakuru. Zinahitajika karibu pauni 18. Tena vyombo sharti vioshwe na kusuguliwa kwanza, kwani damu iliyogandamana huvikinga viini.

Ninachohofia zaidi ni homa ya ini. Virusi vya aina ya B huweza kuishi siku 7 katika damu iliyokauka. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka wa 2001, kwa hivyo watu wazima wengi hawana kinga hiyo. Na usidhani hili ni tatizo la nchi maskini. Mwaka wa 2013, huko Tulsa, Marekani, wagonjwa wapatao 7,000 wa daktari mmoja wa meno waliitwa wapimwe. Ilithibitishwa kwamba mmoja aliambukizwa homa ya ini aina ya C kutoka kwa mgonjwa mwenzake.

Ukiketi kwenye kiti, angalia kama pakiti ya vyombo inafunguliwa mbele yako, na kama sindano ni mpya. Uliza pia kuhusu kile kichwa cha mashine ya kutoboa jino. Hicho hufyonza mate na damu ndani yake, na kukipangusa kwa spiriti ni kazi bure. Nacho huingia mtamboni baada ya kila mgonjwa. Alama iliyobadilika rangi kwenye pakiti huonyesha tu kwamba ilipata joto. Kujua kama viini vilikufa, kliniki hutia mtamboni kichupa cha bakteria sugu kila wiki, kisha hungoja kuona kama wataota.