Mwanangu anavuta unga, sasa anasikia sauti

*Daktari, mwanangu wa miaka 27 anavuta unga na bangi. Siku hizi anaongea peke yake na kuuza vyombo vya ndani. Baba yake anataka tumfukuze. Mama, Temeke.*

Pole, mama. Mnaogopa kumpoteza, na mnaogopa kuishi naye. Bangi inaweza kuchochea sauti hizo. Unga nao hauachwi kwa kugombezwa, arosto, yaani mateso ya kuukosa, humrudisha kijiweni. Mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa inayotuliza arosto hiyo. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na hapo Temeke ipo. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mwambieni daktari kuhusu sauti pia, zina dawa zake. Fedha msimpe mkononi, chakula mpeni. Akitishia kujidhuru au kuwadhuru, msingoje asubuhi, hospitali usiku huohuo. Na wewe lala, zamu mgawane na baba yake.