Sauti nyuma ya ukuta: somo kwa vikundi vya maigizo ya redio



Katika maigizo tunayotayarisha pamoja na familia zilizohama na familia zilizowapokea, hapa Kasongo na kule Kabambare, kuna kipande kimoja ambacho vikundi karibu vyote vinakiomba. Mama aliyekimbia kijiji chake amelala chumba cha nyuma. Usiku anasikia wenye nyumba wakizungumza upande wa pili wa ukuta wa udongo. Anasikia "wageni", anasikia "chakula", kisha "waondoke". Kabla ya jua kutoka ameanza kufunga mizigo. Lakini mwenye nyumba alisema "wasiondoke".

Ukuta umemeza silabi moja tu. Tunataka kuwaonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuimeza vilevile, na pia mahali ambapo ufundi huu ni hatari.

Sauti ya mtu ina sehemu nzito na sehemu nyembamba. Sauti ya mwanaume huanzia karibu mitetemo 100 kwa sekunde, na ya mwanamke karibu 200. Lakini herufi kama s, sh na f hupata nguvu yake juu zaidi. S mara nyingi hupita mitetemo 4000. Ukuta hupitisha uzito na kuzuia wembamba. Ndiyo maana ngoma ya matanga tunaisikia kutoka mtaa wa pili bila kushika maneno ya waimbaji.

Kwenye kompyuta, kazi ya ukuta inafanywa na kichujio cha ikwalaiza kinachokata sauti nyembamba. Wengi wetu tunatumia Audacity kwa sababu haina malipo. Rekodini mazungumzo yote kwa sauti safi, mdomo karibu na maikrofoni. Msijaribu kumweka mchezaji nyuma ya mlango kweli. Mtapata kelele za kuku na jenereta tu. Nakilini njia ya sauti ili ziwe mbili zinazokwenda sambamba. Ile ya pili ipitisheni kwenye kichujio, kwa kukata kila kinachopita mitetemo 800 hivi. Kisha, kwa kifaa cha kupandisha na kushusha sauti, sikilizisheni njia iliyozibwa peke yake mpaka mlango unapofunguliwa. Hapo ishusheni huku mkipandisha ile safi, kwa muda wa nusu sekunde, pamoja na mlio wa mlango. Programu nyingine, kama REAPER, hukuruhusu kuchora mstari na kichujio chenyewe kikaufuata: kinaanza 800, mlango unafunguka, kinapanda mpaka sauti iwe wazi. Mtu akiondoka akizungumza, mstari ushuke polepole. Mlango ukisukumwa kwa hasira, upande ghafla.

Angalieni kosa moja ambalo sisi wenyewe tulilifanya. Tulikata chini mno, karibu mitetemo 300, na kwenye vipaza sauti vikubwa ilipendeza sana. Kwenye redio ndogo ya betri, ile ambayo familia nyingi zinayo, hatukusikia kitu. Kipaza chake kidogo hakiwezi kutoa sauti nzito, kwa hiyo kilichobaki ni kimya. Kabla ya kumaliza, sikilizeni kazi yenu kwenye redio hiyo ndogo.

Katika klabu za wasikilizaji tunasimamisha igizo kabla ya mlango kufunguliwa na kuuliza: mama amesikia nini? Waliohama na wenyeji wanajibu tofauti, na wakati mwingine majibu yao yanasema mengi kuliko igizo lenyewe. Baada ya hapo ndipo tunaendelea. Igizo la Musekeweya, lililoanza kusikika Rwanda mwaka 2004, lilijenga hadithi ya miaka mingi juu ya vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro. Kwetu, ukuta mmoja umetosha kwa mchana mzima wa mazungumzo.

Sasa lile linalotuhangaisha. Watu wanaotoa ushuhuda wa mambo waliyoyaona wanatuomba tuwafiche sauti, na wengine hufikiri kichujio hiki kinatosha. Hakitoshi. Tuliwahi kuziba sauti ya mama mmoja hivyo, tukamwachia mwenzake asikilize kabla ya kurusha. Sentensi ya pili haijaisha, akamtaja jina. Kichujio hakiondoi mwendo wa kuzungumza, kicheko, wala lafudhi ya Kibangubangu ambayo mtu wa Kabambare anaitambua mara moja. Na mstari ukichorwa vibaya, sekunde moja ya sauti safi inaweza kupenya. Hatukurusha kipindi kile.

Tangu hapo, ushuhuda unasomwa na mtu mwingine kabisa, ikiwezekana wa eneo jingine. Tunaondoa jina la kijiji, idadi ya watoto, siku ya soko, chochote kinachoweza kumrudisha msikilizaji mlangoni kwa mhusika. Wakubwa wa vijiji tunawaomba wasituulize ni nani. Mhusika mwenyewe anasikiliza wa kwanza, na akisema hapana, rekodi zote mbili zinafutwa mbele ya macho yake.