Nafasi Tupu Ndani ya Mtungi wa Gesi: Kwa Nini Isijazwe

Malalamiko mengi yanayoifikia Mamlaka inayodhibiti nishati na petroli nchini Kenya kuhusu gesi ya kupikia hutoka kwa watumiaji waliotikisa mtungi mpya, wakasikia kimiminika kikicheza ndani, wakaamini wamepunjwa, na baadhi yao huishia kwa wauzaji wa vichochoroni wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo huku wakiahidi kuujaza pomoni. Hatari ni ahadi hiyo.

Chuma cha mtungi ni yabisi, yaani chembe zake zimeshikana mahali pake, kwa hiyo kina umbo lake na hutanuka kidogo mno kinapopata joto. Vimiminika na gesi huitwa giligili kwa sababu chembe zake huteleza na kufuata umbo la chombo, lakini gesi hukubali kubanwa ilhali kimiminika hakibanwi kwa urahisi. Ndani ya mtungi zimo zote mbili: chini kuna propani na butani zilizofanywa kimiminika kwa shinikizo, na juu yake kuna mvuke. Kimiminika hicho hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko maji, na mara nyingi zaidi kuliko chuma, ndiyo maana kituo halali huacha takriban asilimia 20 ya nafasi bila kimiminika. Mtungi uliojazwa pomoni ukiachwa juani, kimiminika hukosa pa kutanukia, na kwa kuwa hakibanwi, shinikizo hupanda kwa kasi mpaka gesi itoke kwa nguvu au chuma kipasuke. Mtungi usijazwe pomoni, hata kwa ombi la mwenyewe.

Lita moja ya kimiminika hicho ikivuja hugeuka takriban lita 250 za gesi, nayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kutuama mabondeni na mitaroni, ikingoja cheche. Huko Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia lisilo na leseni, likaua watu na kujeruhi mamia.

Kanuni za Kenya za mwaka 2019 zinamruhusu mwenye chapa ya mtungi, au aliyeidhinishwa naye, peke yake kuujaza. Malalamiko ya uzito hupokelewa yakiambatana na risiti na lakiri isiyovunjwa.

Kutikisa si kipimo. Mtungi hupimwa kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake, na ukiutoa katika uzito wa jumla, kinachobaki kiwe kilo 6 au 13 kama ilivyoandikwa. Mtungi ukizidi uzito huo, usiwashwe, usilazwe, usifunguliwe ili kupunguzwa: usimamishwe wima nje, kivulini, mbali na moto, na wakala aliyeuuza aitwe auchukue.