Upepo Kwanza, Moto Baadaye

Wasomaji wengi wamepata kuiona mitambo ya umeme ya Jinja, iliyofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, ambayo siku hizi huitwa Nalubaale. Pale maji ya Nile husukuma magurudumu yenye mapanga, yaitwayo turbini, na umeme husafiri hata huku kwetu Mbale. Helikopta nyingi nazo zina turbini, lakini hizo husukumwa na hewa ya moto. Nataka kueleza jinsi zinavyowashwa.

Jinja maji yamekwisha kungoja nyuma ya ukuta. Milango ikifunguliwa, gurudumu huzunguka. Helikopta haina ziwa nyuma yake. Sharti ijifanyie upepo kwanza.

Tuchukue Bell 206, helikopta ndogo ya watu watano. Kwanza, rubani hupima nguvu ya betri na kuhakikisha hakuna mtu karibu na mapanga ya juu. Pili, hubonyeza stata, na betri huzungusha feni za kuvuta na kushindilia hewa. Tatu, hungoja. Katika nchi ya joto kama yetu, geji ya mwendo sharti ifike asilimia 15 ndipo afungue mafuta, na cheche iyawashe. Nne, huikazia macho geji ya joto. Likipita digrii 810, lisikae huko zaidi ya sekunde 10, wala lisivuke 927 kamwe. Mwendo ukifika asilimia 58, huachia stata. Injini sasa yajiendesha yenyewe.

Je, mafuta yakifunguliwa mapema, au betri ikiwa dhaifu? Tumejifunza darasani kwamba moto huhitaji hewa. Lakini ndani ya injini hii sehemu kubwa ya hewa haiungui. Kazi yake ni kupoza. Hewa ikipungua, moto huyapiga mapanga ya turbini na kuyaharibu kwa sekunde chache, na panga lililoharibika laweza kukatika baadaye, angani. Kwa hiyo rubani hufunga mafuta mara moja, lakini huiacha stata izidi kuzungusha, ili upepo upoze. Kisha humwita fundi, na abiria hushuka.

Chuo cha urubani cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971, hakiko mbali nasi. Wenzangu mnaotamani kazi hiyo, kumbukeni kwamba rubani hupimwa kabla hajaondoka ardhini, katika zile sekunde chache za kungoja. Subira yavuta heri.