MADA YA 7: KUCHUNGUZA HITILAFU ZA USUKANI WA HAIDROLIKI KWENYE PIKAPU

Malengo ya mada
Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza jinsi oili inavyompunguzia dereva nguvu ya kukata kona;
(b) kutambua chanzo cha hitilafu kutokana na dalili zake;
(c) kupanga hatua za uchunguzi kwa utaratibu sahihi;
(d) kujibu swali la mtihani linalohusu mada hii.

7.1 Utangulizi
Pikapu kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Nissan Navara zimetumia usukani wa haidroliki kwa miaka mingi. Baadhi ya magari mapya hutumia mota ya umeme badala ya oili. Hayo hayahusiki na mada hii.

Swali la mada hii halikutaki utaje vipuri tu. Hukupa dalili, kisha hukutaka utafute chanzo. Mtahiniwa anayekimbilia kuandika "pampu imekufa" hupoteza alama, kama mwenye gari anavyopoteza fedha kwa kununua pampu wakati mkanda ndio uliolegea. Shika kanuni hii: anza na kinachoonekana kwa macho na kisicho na gharama, malizia na kinachohitaji kufunguliwa.

7.2 Mfumo unavyofanya kazi
Injini huzungusha mkanda, na mkanda huzungusha pampu. Pampu huvuta oili kutoka kwenye kitanki chake na kuisukuma kupitia mpira wa kanieneo kubwa hadi kwenye stelingi boksi, au stelingi reki kwa gari lenye reki. Humo mna vali inayofuata mkono wa dereva. Akikata kulia, vali huelekeza oili upande mmoja wa pistoni; akikata kushoto, huielekeza upande wa pili. Oili iliyokwisha kufanya kazi hurudi kitankini kupitia mpira wa kurudishia.

Kumbuka: oili husaidia tu. Usukani bado umeunganishwa na magurudumu kwa vyuma. Injini ikizimika gari likiwa kwenye mwendo, usukani huwa mzito sana lakini bado unakata, mradi ufunguo haujatolewa na usukani haujajifunga. Dereva asiyejua hili huweza kudhani umekatika na kuuachia.

7.3 Hesabu ya msingi
Kanuni ya Pascal inasema kwamba kanieneo inayowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Kwa hiyo:

Kani = Kanieneo × Eneo

Mfano: Pampu inatoa kanieneo ya Pa 6,000,000. Eneo la pistoni ni m² 0.0015. Kani inayosukuma pistoni ni:
6,000,000 × 0.0015 = N 9,000

Kanieneo ikishuka hadi Pa 2,000,000, kani inakuwa:
2,000,000 × 0.0015 = N 3,000

Msaada umepungua kwa N 6,000. Pengo hilo dereva hulifidia kwa mikono yake, ingawa uwiano wa meno ya stelingi boksi humpunguzia mzigo. Ndiyo maana kanieneo ikishuka jambo la kwanza analolisikia dereva ni uzito.

7.4 Dalili na maana yake

1. Usukani mzito pande zote mbili. Vyanzo: upepo mdogo kwenye matairi ya mbele, oili kupungua, mkanda kulegea, pampu kuchoka, au viungo vya chini kukaza kwa kukosa grisi.

2. Mzito injini ikizunguka polepole, mwepesi ukikanyaga mafuta. Pampu haizungushwi ipasavyo au imechoka. Chunguza mkanda kwanza.

3. Mzito upande mmoja tu. Pampu ni ile ile kwa kulia na kushoto. Ingekuwa mbovu, pande zote zingelemea. Chanzo kipo ndani ya stelingi boksi: vali au sili ya pistoni. Hoja hii huwapita wengi.

4. Mlio mkali kama filimbi unapokata hadi mwisho. Mkanda unateleza juu ya puli.

5. Mngurumo unaoongezeka unapokata, oili ikiwa na povu. Hewa imeingia kwenye mfumo, mara nyingi kwa sababu oili imepungua.

6. Usukani una mchezo, unauzungusha kidogo na magurudumu hayaitikii. Hili si tatizo la oili. Angalia tairodi, viungo vya nguzo ya usukani na uchakavu ndani ya boksi. Hitilafu hii ni ya hatari. Gari lisitembee mpaka litengenezwe.

7. Gari linavuta upande mmoja barabarani. Anza na tofauti ya upepo wa matairi, breki inayoshika na alaimenti.

7.5 Hatua za uchunguzi

Hatua ya 1: Muulize dereva. Tatizo lilianza lini? Linatokea gari likiwa limesimama au kwenye mwendo? Upande mmoja au yote? Kuna kipuri kilichobadilishwa karibuni?

Hatua ya 2: Pima upepo wa matairi. Linganisha na kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari, ambacho mara nyingi hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Hatua ya 3: Kagua oili. Iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Rangi nyeusi na harufu ya kuungua huonyesha oili iliyochoka. Povu huonyesha hewa. Ukiongeza, tumia aina iliyotajwa na mtengenezaji wa gari. Usiweke oili ya breki kamwe, kwa kuwa huharibu sili za mfumo huu.

Hatua ya 4: Kagua mkanda injini ikiwa imezimwa. Tafuta nyufa, nyuzi zilizochomoza, uso unaong'aa, oili iliyodondokea na ulegevu.

Hatua ya 5: Tafuta mvujo. Futa mipira, maungio, pampu na boksi kwa kitambaa kikavu. Washa injini, mtu mmoja akate usukani pande zote, kisha angalia paliponyesha. Usipitishe mkono kwenye mpira wenye kanieneo. Oili inayoruka kwenye tundu dogo huweza kupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi la karatasi.

Hatua ya 6: Inua magurudumu ya mbele. Weka gari juu ya stendi, si jeki peke yake. Zima injini, acha usukani usijifunge, kisha uuzungushe. Magurudumu yakiwa hewani hayasuguani na ardhi. Usukani ukikaza hata hapo, chanzo ni vyuma, si pampu.

Hatua ya 7: Pima kanieneo. Funga geji yenye koki kati ya pampu na boksi, injini ikiwaka. Funga koki kwa sekunde chache tu, zisizidi 5, usome geji. Kanieneo ikiwa chini ya kiwango cha gari hilo, pampu au vali yake ina hitilafu. Ikiwa sawa, fungua koki na ukate usukani hadi mwisho. Kanieneo ikishuka sasa, oili inavuja ndani ya boksi.

Kipuri hununuliwa baada ya hatua hizi.

7.6 Swali la mfano
Pikapu inayobeba magunia ya mahindi ina usukani mzito pande zote inapogeuzwa sokoni, lakini huwa mwepesi kidogo dereva akikanyaga mafuta. Husikika mlio wa filimbi usukani ukikatwa hadi mwisho. Oili ipo kwenye kiwango na haina povu. Fundi ameshauri pampu mpya. Je, unakubaliana naye? Toa sababu. (Alama 10)

Jibu:
– Sikubaliani naye kwa sasa, kwa kuwa uchunguzi haujakamilika (alama 2).
– Uzito wa pande zote unaopungua injini ikizunguka kasi unaonyesha upungufu wa kanieneo. Chanzo chaweza kuwa mkanda au pampu (alama 2).
– Mlio wa filimbi unaelekeza kwenye mkanda unaoteleza (alama 2).
– Oili kutokuwa na povu kunapunguza uwezekano wa hewa kwenye mfumo (alama 1).
– Mkanda ukaguliwe, ukazwe au ubadilishwe, kisha gari lijaribiwe tena (alama 2).
– Uzito ukibaki, pampu ipimwe kwa geji kabla ya kubadilishwa (alama 1).

7.7 Maswali ya kujipima
1. Kwa nini usukani mzito upande wa kulia pekee hauthibitishi ubovu wa pampu?
2. Pistoni yenye eneo la m² 0.002 inasukumwa kwa kanieneo ya Pa 5,000,000. Tafuta kani. (Jibu: N 10,000)
3. Eleza tofauti kati ya dalili ya mkanda unaoteleza na dalili ya hewa kwenye oili.
4. Dereva anataka kuongeza oili ya breki kwenye kitanki cha usukani kwa kuwa nyingine haipatikani. Utamshauri nini, na kwa nini?